Mwaka Niliokatazwa Kusalimia

Mwezi uliopita, katika ukumbi wa semina hapa Tabora, binti mmoja mwenye kishkwambi mkononi alisimama kuwasomea wenzake mwongozo wa utafiti mpya. Unahusu tiba ya watu waliopotewa na usemi baada ya kiharusi, unafanywa kwa ushirikiano na vyuo vya ng'ambo, na ruzuku yake ilisubiriwa hadi wengine wakakata tamaa. Mimi nilialikwa kwa heshima ya uzee tu: kukaa kiti cha mbele, kunywa maji ya chupa na kutikisa kichwa inapobidi. Binti akafika ukurasa wa tatu. "Mtafiti amsalimie mgonjwa kwanza, kwa desturi ya mahali. Itikio la salamu lisihesabiwe. Saa ianze baada ya hapo." Akainua macho. "Samahani, hapa sijaelewa. Kwani kuna mtu anaingia nyumbani kwa watu bila kusalimia, mpaka aandikiwe?" Hawa, aliyekaa kando yangu na fimbo yake katikati ya magoti, akanifinya mkono. Hawa ndiye mtaalamu wa tiba ya usemi aliyeniajiri nilipokuwa na miaka ishirini na sita. Sasa amestaafu, anaishi kwao Tanga, na alikuwa hajakanyaga Tabora kwa miaka mingi. Tulijaribu kujizuia, tukashindwa. Tulicheka mpaka mwenyekiti akauliza kama tunahitaji mapumziko.

Kesho yake alikuja kula kwangu Ipuli. Mvua zilikuwa zimeanza, na wanawake wa vijijini walikuwa wameleta uyoga sokoni, kwa hiyo nilimpikia uyoga kwa karanga na ugali wa muhogo, chakula alichokuwa akikisifia hata kwenye barua zake. Alikula taratibu, akanawa, akaegemea kochi. Kisha akasema, "Yunis, kuna jambo sikukuuliza miaka yote hii. Siku ile kule Ulyankulu, kwa Mzee Melkiori. Ulitoka nje, nikadhani umetoka kulia. Mara ukajifunga kitenge upya, ukapiga hodi kwenye nyumba uliyotoka humo sasa hivi. Ilikuwaje?" Jibu lake ni refu kuliko mlo mmoja. Nikamwambia nitaliandika. Akacheka, akasema wazee wa Tabora hata jibu la swali moja wanalifunga mzigo kama wapagazi wa zamani. Basi huu ndio mzigo wenyewe, nautua.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba kimoja hapa hapa Ipuli, chenye dirisha la wavu na mlango uliokwama kila mvua iliponyesha. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili, na kasha la mbao ambalo mradi ulinipa la kuhifadhia kanda za kinasa sauti. Kasha hilo lilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote chumbani, nami nililifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya bwana harusi. Kazi niliyoipata kwa Hawa ilikuwa ya msaidizi wa utafiti. Tulikuwa wawili, mimi na Shija, kijana mrefu wa Ziba aliyependa pikipiki ya mradi kuliko chakula. Tulitembelea wagonjwa majumbani, tukawafanyisha mazoezi aliyotufundisha Hawa: picha ya kuku, picha ya sufuria, nyimbo, sentensi za kumalizia. Mara moja kwa mwezi tuliwapima. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, ambao walitaka kujua jambo moja: je, tiba ya namna hii, inayofanywa nyumbani na watu tuliofundishwa miezi michache tu, inarudisha usemi? Kama Tabora ingeonyesha hivyo, ruzuku ingeendelea. Isingeonyesha, tungekunja jamvi, na wagonjwa wangebaki na picha za kuku ukutani.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kwenye karatasi. Mwongozo ulisema mtafiti aketi mbele ya mgonjwa asiseme neno kwa dakika tano, na mgonjwa akitamka neno lolote linaloeleweka, basi awekewe alama ya vema. Mimi na Shija tulisoma ukurasa huo mara nyingi, tukatahiniwa juu yake, tukafaulu. Lakini kwetu kimya kile kilianza baada ya salamu, kama kula kunavyoanza baada ya kunawa. Hatukulijadili, maana hakuna anayejadili kunawa. Huu ni mji uliolelewa na wapita njia, watu waliotoka pwani kwenda Ujiji na kurudi wakiwa na mizigo kichwani, na mpaka leo asiyesalimia hapa anatazamwa mara mbili. Kwa hiyo niliwasha kinasa sauti nje, nikapiga hodi, nikaingia, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo baba." Mzee akaitika, "Marahaba." Nikaketi, nikanyamaza dakika zangu tano kwa uaminifu mkubwa, kisha nikaweka vema. Shikamoo yangu haikuwa neno, ilikuwa adabu. Lakini marahaba yake ilikuwa neno, na nililihesabu. Nikiandika hivi naona aibu kidogo na kicheko kingi, ila wakati ule sikuona kitu.

Katika wagonjwa wangu wote niliyempenda zaidi alikuwa Mzee Melkiori. Alikuwa katekista wa kijiji kimoja cha Ulyankulu, miongoni mwa zile familia zilizotoka Burundi zamani zikafyeka msitu na kupanda mahindi na tumbaku. Kiharusi kilimkamata akiwa shambani. Kilimwachia miguu, kikamnyang'anya mkono wa kulia na maneno. Tulimfikia kila Jumatano kwa pikipiki, tukiwa wekundu kwa vumbi hadi kope, na tulilala nyumba ya wageni ya parokia. Sebule yake naikumbuka kuliko yangu ya sasa: viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vyeupe, msalaba, kalenda ya miaka mitatu iliyopita iliyobaki ukutani kwa ajili ya picha yake, harufu ya tumbaku kavu kutoka bani la jirani, lile banda la kukaushia. Yeye alikaa kiti cha pembeni mwa dirisha, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, rozari kwenye mkono mzima. Watu wazima waliopita njiani, aliowafundisha sala wakiwa watoto, bado walishusha sauti wakifika mbele ya dirisha lile. Mkewe, Mama Skola, alikuwa mwanamke mfupi mwenye kasi. Hakutuacha tuondoke bila kula: maharage yaliyoungwa kwa mawese, ugali, na wakati wa kiangazi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha. Alimlisha mumewe mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akiongea kwa ajili ya wawili. "Baba amesema chumvi imekolea," alitangaza, ingawa baba hakuwa amesema chochote. "Baba amesema mle, barabara ni ndefu."

Kufikia katikati ya mwaka fomu zetu zilikuwa zimejaa vema. Hawa alizituma ng'ambo, na barua iliyorudi tulisomewa sote watatu ofisini, tukiwa tumesimama. Wafadhili walifurahi. Matokeo ya Tabora, walisema, yamewashangaza hata wenzetu wa vyuo vya huko, na wangependa kututumia mtu wao aje aone kabla ya kuidhinisha awamu ya pili. Hawa alinunua soda. Shija alicheza ngoma ya kwao kati ya meza mbili. Mwishoni mwa barua palikuwa na aya moja niliyoiona ndogo: wagonjwa waliopata vema miezi mitatu mfululizo wahesabiwe kuwa wamerejewa na usemi, watolewe kwenye orodha ya kutembelewa, nafasi zao wapewe wengine. Mzee Melkiori alikuwa na vema za miezi mitano. Nilijisikia fahari. Nilijiona kabisa nikimpelekea Mama Skola habari njema, na yeye akinichinjia kuku.

Jumatano iliyofuata nilifika na habari yangu mdomoni. Baada ya mazoezi nilitoka nyuma kunawa mikono, na jikoni, upande wa pili wa ukuta wa matete, Mama Skola alikuwa akichambua maharage na jirani yake. Walikuwa wakizungumza Kiswahili kwa sababu jirani alikuwa Mnyamwezi. "Naona wageni wako wanakuja kila wiki," jirani alisema. "Mzee si anasema sasa? Jana nimemwamkia, kaniitikia vizuri tu." Mama Skola akaendelea kuchambua. "Kuitika anaitika," akasema. "Ukimwambia Tumsifu Yesu Kristo, anakwambia milele na milele amina, hakosi hata siku moja. Lakini kusema hajasema, mama Kalekwa. Tangu aanguke hajaniomba hata maji. Jina langu hajaliita. Mimi namwongelea tu ili nyumba isikae kimya." Kisha wakarudi kwenye bei ya mbolea. Nilibaki nimeshika kopo la maji, mikono yangu imelowa. Habari yangu njema niliirudisha Tabora kama nilivyokwenda nayo.

Jumapili, baada ya ibada kwetu Moravian, nilijifungia chumbani mchana kweupe, nikaondoa kitambaa cha kufuma na kufungua kasha. Nilisikiliza kanda zangu zote, moja baada ya nyingine, nikiwa nimekaa sakafuni na ugali wa jana pembeni. Hodi. Karibuni, sauti ya Mama Skola. Shikamoo baba. Marahaba. Kisha kimya. Kimya chenye jogoo, chenye kikohozi, chenye kijiko kilichoanguka jikoni, hadi mlio wa kubonyeza kitufe. Kanda ya mwezi wa pili: Marahaba, kimya. Ya bibi mmoja wa mtaa wa nyuma hapa Ipuli: Marahaba mwanangu, kimya. Ya mzee wa Usinge, aliyeletwa mjini na wanawe: Marahaba, kimya. Hapakuwa na neno lingine. Tulikuwa tumewapima watu adabu zao, tukaandika wamepona. Na kwa sababu tumeandika wamepona, tungewaacha. Mama Skola angebaki peke yake na yale mazungumzo ya mtu mmoja, na karatasi yenye sahihi yangu ingesema mumewe anasema.

Sitajifanya shujaa. Siku mbili nzima nilitafuta namna ya kunyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema, wafadhili watatuona wajinga, fedha zitakatwa, na hapo hata wale wachache waliobaki kwenye orodha watakosa tiba. Kwamba kumpoteza Mzee Melkiori peke yake ni afadhali kuliko kuwapoteza wote. Hesabu hiyo niliirudiarudia hadi ikaanza kunukia kama kweli. Nilimweleza Shija kwanza, tukiwa tunaosha pikipiki. Alisimamisha mkono wenye kitambaa. "Dada," akasema, "mimi zangu zote ni hivyo hivyo. Zote. Nilikuwa nadhani ndivyo wanavyotaka." Akakamua kitambaa juu ya ndoo. "Sasa mama yule ukimwambia mzee kapona, atakuelewaje? Si atadhani ndiyo basi, ndivyo kupona kulivyo?" Hilo ndilo lililonisukuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa naficha maradhi ya watu wengine. Nikaingia ofisini kwa Hawa na kasha zima mikononi.

Hawa alisikiliza kanda tatu. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa, akaivua tena. "Salamu, sala, kuhesabu, nyimbo," akasema mwishowe, kama anajisomea somo lake mwenyewe. "Haya hubaki hata usemi ukiondoka. Mtu huyatoa bila kuyatafuta. Niliwafundisha haya?" Nikamwambia alitufundisha. "Na mimi nilipokuja na ninyi mwezi wa kwanza, niliwaona mkisalimia?" Nikamwambia alituona, tena yeye mwenyewe alisalimia kabla yetu. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema basi sote watatu tumelelewa vizuri mno. Kisha akavuta karatasi akaanza kuandika barua ya kuwaeleza wafadhili. Nilimpenda sana siku ile, na nilimwogopa.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Halikuwa na matusi wala pole. Fedha za awamu ya pili zisimame. Vipimo vyote virudiwe kama mwongozo ulivyoandikwa, mtafiti asitamke neno tangu mlangoni, na mtu wao atakuwepo kwa wagonjwa wa mwisho. Wasipoonekana hata wachache waliopata maneno yao wenyewe, mradi wa Tabora ungefungwa. Familia ziruhusiwe kuelezwa, mgonjwa asielezwe. Shija aliposomewa alikataa katakata. "Niingie kwa mzee wa watu nikae nimtumbulie macho? Kwetu Ziba watasema mchawi kaja mchana. Watanitoa na mapanga." Hawa akamwambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Shija akajibu kwamba yeye hakuvua, alivuliwa. Lakini kesho yake alikwenda.

Sijawahi kuona aibu kama ya wiki zile. Jaribu wewe kuingia katika nyumba uliyokula, umpite mama mwenye nyumba, ukae mbele ya mtu wa umri wa baba yako, umtazame kama umeona ukuta. Bibi wa mtaa wa nyuma alinitolea mkono apate shikamoo yake. Mkono ukakaa hewani, ukarudi mapajani, na machozi yakamtoka. Nilipomaliza dakika zangu nilimwangukia miguuni, nikamwamkia mara tatu, lakini fomu ilikuwa imekwisha kuandikwa: hapana. Mzee wa Usinge aligeuza kiti akanipa mgongo. Hapana. Majirani zangu hapa Ipuli walianza kunong'ona kwamba kazi ya wazungu imenivuruga akili. Shija naye alirudi na hapana zake, amenyong'onyea. Alikuwa na mgonjwa mmoja tu aliyetamka kitu, mama aliyesema "maji," na juu ya neno hilo moja Hawa alisali swala ya shukrani.

Mzee Melkiori alikuwa wa mwisho. Mgeni wa wafadhili alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe aitwaye Marta, mpole, ambaye alifundishwa shikamoo uwanja wa ndege akaipenda mno. Aliwaamkia watoto, alimwamkia Shija, aliwaamkia wachuuzi wa karanga barabarani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkosoa. Tulifika Ulyankulu saa nne asubuhi. Kwa kuwa aliruhusiwa mtu mmoja tu ndani, Hawa, Marta na Shija walisimama barazani chini ya dirisha. Nilimwita Mama Skola pembeni. "Mama, leo nitaingia kwa baba bila kumwamkia. Ndivyo kipimo kinavyotaka. Naomba unisamehe kabla." Alinitazama kama nimemwambia nitaingia bila nguo. "Bila kumwamkia? Katekista?" Akajishika kiuno. "Mwanangu, nitakusamehe mimi. Yeye sijui."

Niliingia. Sikupiga hodi, sikupiga goti. Nilivuta kiti cha pili, kitambaa chake kikaanguka, sikukiokota. Mzee alikuwa ameshaandaa uso wake wa kuamkiwa, kidevu juu kidogo, macho laini. Akasubiri. Nami nikasubiri. Dakika ya kwanza ikapita. Alitazama mlangoni kuona kama kuna mkubwa wangu anayekuja nyuma. Dakika ya pili, akanitazama miguu, pengine aone kama nimelewa. Nje jogoo aliwika, na nikakumbuka jogoo wa kwenye kanda. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu, na nilichoomba hakikuwa ruzuku. Niliomba tu mzee asilie kama yule bibi. Dakika ya tatu uso wake ulianza kubadilika. Ulaini ukaondoka. Shingo ikavimba juu ya kile kifungo cha mwisho. Midomo ikafunguka, ikafunga, upande mmoja ukivuta wa pili. Mkono mzima ukakaza rozari. Nilimwona akitafuta, nilimwona kabisa akienda mbali kulitafuta neno, analikosa, anarudi, anakwenda tena. Dakika ya nne ikaisha. Mlangoni nilisikia pumzi ya Mama Skola.

"Wewe," Mzee Melkiori akasema. Sauti ilitoka chini, nzito, yenye kutu. "Wewe mto... mtoto." Akapumua. Akaninyooshea kidole cha mkono wa kushoto. "Huna... salamu?"

Kwa wale wa barazani, na kwa wote walioisikiliza kanda ile baadaye katika nchi mbili za mbali, mambo yaliishia hapo, kwani dakika tano zilitimia nikazima. Marta alikuwa akilia bila kuficha, na Hawa na Shija walimgeukia kumtafsiria, wote wawili kwa sauti, wasisikie kilichoendelea ndani. Wenzetu wa ng'ambo waliandika kwamba hakuna kipimo walichokibuni kingeweza kumtoa mtu neno namna ile, na kwamba kosa letu limewafundisha kutenganisha itikio na usemi katika vituo vyao vyote. Yule mama wa Shija aliyesema "maji" na Mzee Melkiori walitosha. Barua ya ruzuku ilipofika, Hawa aliisoma kimyakimya, akatupa sisi tuisome wenyewe, akatoka nje akasimama juani. Nami nilikaa chini, pale pale sakafuni, nikahisi mabega yangu yakishuka, na ndipo nikajua tangu siku ya kasha nilikuwa nimeyapandisha. Hakuna aliyetolewa kwenye orodha. Vema zangu zote zilifutwa kwa kalamu nyekundu, na sijawahi kufurahia kalamu nyekundu kama siku ile. Ukurasa wa tatu uliandikwa upya, ule ule aliousoma binti wa kishkwambi.

Mzee Melkiori hakurudi kuwa msemaji. Alipata maneno machache, mafupi, yaliyotoka kwa jasho, na mengi yalikuwa ya kugomba. Lakini miezi kadhaa baadaye nilimkuta Mama Skola akinisubiri njiani, anang'aa kama bibi harusi. "Leo kanigombeza chumvi!" akaniambia. "Kasema, 'Skola, chumvi.' Kaniita jina, Yunis!" Waligombana chumvi hiyo miaka saba zaidi, kisha mzee akafariki akiwa usingizini, na mwaka jana Mama Skola akamfuata. Kwenye mazishi yake nilisikia jirani akisema nyumba ile haikukaa kimya hata siku moja.

Sasa nimjibu Hawa. Nilipozima kinasa sauti nilimwangukia mzee magotini, nikasema, "Shikamoo baba, shikamoo, nisamehe." Nilijua marahaba itakuja. Marahaba ilikuwa haijawahi kukosa, hata kiharusi hakikuiweza. Haikuja. Aliinua kile kidole, akakielekeza mlangoni, na uso wake ukaanza tena ile safari ndefu.

"Toka," akasema. Nikasubiri, naye akasubiri neno la pili lifike. "Ingia... tena."

Ndiyo sababu nilitoka, Hawa. Ndiyo sababu nilisimama pale nje, nyuma ya mgongo wako, nikicheka na kulia, nikajifunga kitenge upya kama mtu anayekwenda mbele za watu. Kisha nikapiga hodi. Ndani kukawa kimya, na Mama Skola, aliyekuwa amezoea kuitika kwa ajili yake, nilimwona kupitia upenyo wa mlango akiuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Karibu," akasema mwenye nyumba.